Mpira Tunahesabu, Siasa Tunashangilia Tu

Wasee, leo nitasema kitu ambacho kitawaudhi baadhi yenu. Sawa, mnitukane, lakini mkimaliza kusoma. Si mkianza.

Tarehe 10 Agosti 2025, siku ya Jumapili, nilikuwa kwenye kibanda cha chapo madondo hapa mtaani. Tulikuwa tumebanana kama abiria wa mat ya saa kumi na mbili jioni, macho yote kwa tivi moja ndogo iliyofungwa juu ya friji. Harambee Stars walikuwa Kasarani wanacheza na Morocco kwenye CHAN. Ryan Ogam alikuwa ametufungia bao, halafu kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akala kadi nyekundu. Kipindi cha pili chote tulikuwa watu kumi dhidi ya timu iliyokuwa imebeba kombe hilo mara mbili.

Sasa, sikia vile watu walikuwa wanaongea pale. Jirani yangu wa ploti, ambaye hesabu ilimshinda tangu darasa la sita, alikuwa anapiga mahesabu bila kalamu: "Tukishinda tuna pointi saba kwa mechi tatu. Wakirudisha, tuna tano, bado tuko." Msee wa nduthi alikuwa anaeleza kwa nini kocha McCarthy lazima aongeze mtu pale katikati. Mathe wa kibanda, kila akigeuza chapati, anauliza, "Imebaki dakika ngapi?" Hakuna aliyesema "tuachie Mungu." Kila mtu alikuwa na namba, sababu na swali.

Tukashinda moja bila. Tukapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Hakuna mtu alitaka kwenda nyumbani, kwa hivyo tivi ikabaki imewashwa, na saa moja habari zikaanza.

Habari ya kwanza ilikuwa mwanasiasa akimtukana mwanasiasa. Ya pili, yule aliyetukanwa akijibu. Halafu ajali, halafu mauaji, halafu mkutano mwingine wa hadhara, msee amesimama juu ya gari akiuliza umati, "Ama namna gani?" Watu walewale waliokuwa wanahesabu pointi saa mbili zilizopita sasa walikuwa wanacheka matusi. Upande mmoja wa kibanda ukaanza "Wantam!" Upande mwingine, wachache lakini wenye sauti, wakajibu "Tutam!" Hakuna namba hata moja. Hakuna swali hata moja. Mwishowe jirani yangu akasema, "Mathe, zima hiyo kitu. Wote ni wezi."

Mathe akazima.

Mimi nikabaki nikitazama ile tivi nyeusi nikijiuliza: ile akili ya saa tisa imeenda wapi?

Nitakwambia kwa nini hilo swali halijanitoka. Miaka miwili kamili kutoka siku hiyo ya Morocco, tarehe 10 Agosti 2027, ni uchaguzi mkuu. Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na hiyo ndiyo tarehe. Na mimi naona tunaelekea huko kama mashabiki waliokuja uwanjani bila kujua nani anacheza, mechi ni ya kombe gani, wala mabao ni mangapi.

Wazee wana jibu lao rahisi: "Vijana wamelewa mpira." Hapana. Mimi sikubali. Mpira ndio mahali pekee ambapo kijana wa Kenya bado anafikiri vizuri. Shida ni kwamba tukitoka uwanjani ile akili tunaiacha kwenye geti.

Mchukue huyo huyo jirani yangu. Yeye ni shabiki wa Manchester United, pole zake. Atakwambia bila kufungua simu kwamba msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya 15 na pointi 42. Atakwambia Erik ten Hag alishinda Kombe la FA mwezi Mei 2024 na mwezi Oktoba mwaka huo huo akafutwa, na kwamba yeye binafsi alikuwa anataka afutwe hata kabla ya hiyo fainali. Kombe halikumnunua. Alisema, "Kombe ni sawa, lakini angalia msimamo wa ligi." Hebu rudia hiyo sentensi polepole. Huyo ni mpiga kura hatari sana. Huyo ni mtu ambaye hawezi kudanganywa na zawadi moja ya mwisho wa msimu.

Sasa nikamuuliza, "Buda, MCA wetu anaitwa nani?"

Kimya.

Nikamuuliza, "Wadi yetu ilipata doh ngapi za maendeleo mwaka jana?"

Akacheka. "Kwani wewe unajua?"

Sikujua. Na mimi ndiye nimejifanya mchambuzi hapa.

Huo ndio ukweli mchungu. Kwenye mpira, timu yetu tunaipenda lakini hatuiamini kwa maneno. Tunataka matokeo. Kocha akija na hotuba tamu baada ya kufungwa mechi nne, tunamwambia akae na hotuba yake. Lakini kwenye siasa, hotuba ndiyo mechi yenyewe. Mtu anapanda juu ya gari, anaimba, anamtukana mwenzake kwa lugha ya kwao, anashuka, na sisi tunasema "leo amewachapa." Amewachapa nani? Amefunga bao gani? Barabara ya kwenu imepata lami? Zahanati imepata dawa?

Wantam si hoja. Tutam si hoja. Ni nyimbo za jukwaani. Uimbe ukipenda, hata mimi naimba, lakini wimbo haujawahi kuongeza pointi kwenye jedwali.

Sasa tuje kwa vyombo vya habari, kwa sababu hapa ndipo nina kesi kubwa.

Kwanza niwe wa haki. Mimi si wale wa kusema wanahabari ni adui wa nchi. Januari 2018, serikali ilizima televisheni kubwa kwa sababu zilitaka kuonyesha kiapo cha Raila pale Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, vituo kadhaa vikatolewa hewani, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha hiyo amri. Siku hizo, kama si wapiga picha waliokuwa barabarani wakimeza moshi wa vitoa machozi, tungeambiwa hakuna kilichotokea. Kwa hivyo sisemi waache kutuonyesha mabaya. Mabaya yapo, na mwenye kuyaficha ndiye mbaya zaidi.

Ninachosema ni kwamba wanatuonyesha mabaya yasiyo na mwisho. Leo ni kashfa ya mamilioni, kesho ni kashfa nyingine, na ile ya leo imekufa. Nani alishtakiwa? Pesa zilirudi? Kesi iko wapi? Hujui, kwa sababu kamera imeshahamia kwa mtu mwingine anayetukana mtu mwingine. Fikiria kama mpira ungetangazwa hivyo. Kila jioni unaonyeshwa faulo peke yake. Faulo, faulo, mchezaji analia, mashabiki wanapigana, halafu "tukutane kesho." Hakuna matokeo, hakuna jedwali, huelezwi mechi iliishaje. Baada ya mwezi mmoja ungesema mpira ni mchezo wa wahuni na ungeacha kutazama.

Hivyo ndivyo tumefanywa na siasa. Ukilishwa faulo miaka mitano mfululizo, unafika mahali unasema "wote ni wezi" na unaona hiyo ni akili. Unaona umeerevuka. Kumbe umechoka tu, na kuna mtu anafurahia uchovu wako.

Wacha niwape kesi yangu mwenyewe, maana siwezi kuwahubiria kama mimi nilikuwa safi.

Niliingia chuo mwaka wa 2023, mwaka ule mfumo mpya wa ufadhili ulianza. Mnaukumbuka: unajaza maswali kuhusu familia yako, halafu unawekwa kwenye kundi, na kundi ndilo linaamua udhamini na mkopo utakaopata, na familia itajazia kiasi gani. Mimi nikawekwa kwenye kundi ambalo, ukilitazama, ungedhani mathe wangu ana maduka. Mathe wangu anauza mboga. Niliacha chuo mwaka wa pili.

Kipindi hicho chote, habari za ufadhili wa vyuo vikuu zilikuwa kila jioni. Nilizitazama zote. Nilijua nani alimwita nani mwongo. Nilijua mbunge gani alitoka nje kwa hasira. Hata nilikata kipande cha video ya viongozi wawili wakigombana juu ya karo, nikakiweka mtandaoni na maneno ya kuchekesha, na hiyo ndiyo video yangu ya kwanza kutazamwa na watu wengi. Nilifurahi manze. Kitu ambacho sikujua, au pengine kilisemwa kwa sekunde tano na mimi nikawa bize nacheka, ni kwamba kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa kama umewekwa kundi lisilo lako. Nilikuja kuambiwa na msee tuliyekuwa naye darasani, muda ukiwa umeshapita. Yeye alikata rufaa. Bado yuko chuo.

Sisemi rufaa yangu ingefaulu. Labda wangenikatalia. Lakini sikucheza hata hiyo mechi, kwa sababu nilikuwa jukwaani nikishangilia ugomvi kuhusu karo yangu mwenyewe.

Na tusilaumu televisheni peke yake. Sisi wa mtandaoni ndio tumezidi. Mimi nikiweka video ya mheshimiwa ameteleza jukwaani, simu inalia usiku kucha. Nikiweka video ya kueleza bajeti ya kaunti, watu thelathini, na wanne kati yao ni binamu zangu. Kwa hivyo najua kishawishi kilivyo. Matusi yanalipa bando. Lakini kama kazi yangu ni kuwauzia hasira isiyo na taarifa, basi mimi na yule msee wa juu ya gari tuko biashara moja.

Sasa swali la muhimu: tukisema "wote ni wezi" na kukaa nyumbani, nani anashinda?

Tazama namba, maana tumesema tunapenda namba. Mwaka wa 2022, William Ruto alipata kura 7,176,141. Marehemu Raila Odinga alipata 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Ule uwanja mpya wa pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, ulipangwa kubeba watu 60,000. Hiyo tofauti yote haiwezi kuujaza mara nne. Na siku hiyo, watu zaidi ya milioni 7 waliokuwa wamejiandikisha hawakupiga kura. Hapo hujahesabu wale ambao hawakujiandikisha kabisa, ambao wengi ni umri wangu na wako.

Sisemi wangempigia nani. Ungempenda mshindi au ungemchukia, hesabu ni ileile. Nasema mechi iliamuliwa kwa bao moja la dakika za mwisho huku nusu ya wachezaji wetu wakiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo wakisema mchezo umeoza. Mwanasiasa mbovu haombi umpende. Anakuomba kitu kidogo tu: choka. Ukichoka, anabaki na wale aliowapa kofia na mia mbili, na hao wanamtosha.

Najua mtaniambia, "Lakini refa amenunuliwa." Sawa. Tuongee juu ya refa.

Mwezi Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa FKF kwa tuhuma za ufisadi. FIFA wakasema hiyo ni serikali kuingilia, na Februari 2022 wakatufungia mpaka Novemba. Harambee Stars wakatolewa kwenye mchujo wa AFCON ya 2023 bila kupiga hata mpira mmoja. Hebu fikiria vijana waliokuwa kwenye kiwango chao bora mwaka huo. Walinyang'anywa na watu wa suti, pande zote mbili. Walikuwa na haki ya kusema "wote ni wezi" na kutundika viatu. Lakini watu walirudi mazoezini, viwanja vikarekebishwa, na miaka mitatu baadaye tukawafunga Morocco tukiwa kumi. Ndiyo, Madagascar walikuja wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali, na nililia, sitaficha. Lakini tulitolewa tukiwa uwanjani.

Na kama unataka mfano ambao si wa mpira, uko nao, kwa sababu uliuishi. Juni 2024. Ule mswada wa fedha haukutikiswa na matusi. Ulitikiswa kwa sababu kwa mara ya kwanza kizazi chetu kilipeleka akili ya mpira kwenye siasa. Watu walisoma mswada. Watu walikaa usiku wakitafsiri vifungu kwa Kikamba, Kikuyu, Dholuo na Sheng. Kila mtu alijua VAT ya mkate ni asilimia 16 na kodi ya gari ni asilimia 2.5. Mbunge akipigiwa simu haulizwi "kwa nini unatuchukia," anaulizwa "kifungu hiki unakipigia kura gani?" Jina lake likawekwa kwenye orodha: amesema ndiyo, amesema la. Hiyo ilikuwa nini kama si jedwali? Kodi ya mkate ikaondolewa kwanza, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kutia sahihi mswada mzima. Iligharimu damu ya wenzetu, na hiyo sitaifanya mfano wa mpira. Nasema tu kwamba wale waliokufa hawakufa kwa ajili ya wimbo. Walikuwa wamesoma.

Halafu tukafanya nini? Tukarudi kwenye faulo.

Kwa hivyo ombi langu si kubwa. Siwaambii muache mpira, na Jumamosi msinitafute, nitakuwa kibandani. Naomba tuhamishe tabia.

Jedwali lipo tayari. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila robo ya mwaka inayoonyesha kila kaunti, zote 47, imepata kiasi gani na imetumia wapi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Hiyo ni namba moja tu. Iangalie ya kaunti yenu. Kama imefika, mpe gavana pointi. Kama haijafika, usisikize hotuba. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye ndiye VAR: anarudisha picha nyuma na kukuonyesha mkono ulioshika mpira. Ripoti zote hizo ziko mtandaoni, bure, bando zako ni zilezile unazotazamia magoli. Na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ukiomba taarifa kwa ofisi ya umma, wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Siku 21 si nyingi. Tumesubiri majeruhi warudi muda mrefu kuliko huo.

Wahariri wa televisheni, kama kuna mmoja anasoma hapa: mna dakika kumi za michezo kila jioni na mnaonyesha msimamo wa ligi ya Uingereza bila kukosa. Tupeni hata dakika moja ya msimamo wa kaunti. Nani yuko juu, nani yuko kwenye eneo la kushushwa daraja. Na ile kashfa ya mwezi uliopita, turudishieni matokeo yake. Tutatazama. Si mnaona tunavyopenda jedwali?

Na mimi nimejiwekea sheria. Kila nikiweka video moja ya mwanasiasa akiropoka, lazima iwe na namba moja ya kazi yake. Bila namba, haitoki. Najua itanipunguzia watazamaji. Sawa tu.

Usajili wa wapiga kura ulirejea tarehe 29 Septemba 2025 kwenye ofisi za IEBC za maeneo bunge. Unahitaji kitambulisho chako na wewe mwenyewe, basi. Nilimwambia jirani yangu twende pamoja. Akaniambia tena wote ni wezi. Nikamwambia, "Poa, na United wote ni wabovu, mbona hujawahi kukosa mechi?" Akanitazama kwa muda mrefu, akasonya, akaniuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Tumekubaliana Jumatatu asubuhi. Jina la MCA tayari tunalijua. Swali la kwanza tutakalomwandikia ni lile la doh za wadi, na siku yake ya 21 nimeiandika kwenye kalenda ya simu, pale juu ya ratiba ya mechi.